MZIGO WA ASKARI: KILA KITU KINA HABARI YAKE

Debe lililojaa maji lina uzito wa karibu kilo 20. Ukijitwika debe hilo kutoka mtoni hadi nyumbani, shingo na mabega hukumbuka. Sasa fikiri kwamba unatembea na mzigo wa uzito huo tangu asubuhi hadi jioni. Jua ni kali, nawe umevaa koti la sufu. Ukifika mwisho wa safari hakuna kupumzika. Unaingia vitani.

Hivyo ndivyo walivyosafiri askari wa miguu wa Marekani katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865. Askari hao wote wamekwisha kufa. Lakini mpaka leo wako Wamarekani wanaovaa nguo kama zao na kubeba mzigo kama wao. Watu hawa si wanajeshi. Ni walimu, mafundi, wakulima na watu wa kazi nyingine. Siku za mapumziko hukusanyika uwanjani, hupiga hema, hutembea kwa mistari, na kuwaonyesha watazamaji jinsi vita vile vilivyokuwa. Sisi tutawaita waigizaji wa historia.

Katika makala hii tutaeleza jinsi mwigizaji anavyokusanya vifaa vyake na kuvifunga. Tutachukua mfano wa wale wanaoigiza Kikosi cha 54 cha Massachusetts, ambacho askari wake walikuwa watu weusi. Utaona kwamba kila kitu katika mzigo huo kina habari yake. Na habari kubwa kuliko zote inahusu koti.

VITA VILIHUSU NINI?

Mwaka 1860 watu weusi karibu milioni 4 walikuwa watumwa huko Marekani, wengi wao katika majimbo ya kusini. Waliuzwa na kununuliwa kama mifugo. Walilima pamba, tumbaku na miwa bila ujira. Majimbo ya kusini yalijitenga na nchi yao ili kuulinda utumwa huo. Vita vikaanza mwezi wa Aprili 1861. Upande wa kaskazini ulikuwa wa serikali ya Rais Abraham Lincoln.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunajua utumwa ni kitu gani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka minane tu baada ya vita hivyo kwisha.

Mwanzoni serikali ya Lincoln haikuwataka watu weusi katika jeshi lake. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa sehemu zilizoasi wako huru, na kwamba watu weusi wanaweza kuandikishwa kuwa askari. Mpaka vita vilipokwisha, karibu watu weusi 180,000 walikuwa wametumika katika jeshi la kaskazini.

Kikosi cha 54 kilikuwa kimoja kati ya vikosi vya kwanza vya askari weusi. Mkuu wake alikuwa kijana mweupe, Kanali Robert Gould Shaw. Kati ya askari wake walikuwamo watoto wawili wa Frederick Douglass. Mzee huyu alizaliwa mtumwa, akajifunza kusoma na kuandika, akatoroka, akawa msemaji mkubwa wa watu weusi.

Mwaka 1863 Douglass aliwaambia vijana weusi wajiandikishe. Alisema kwamba mtu mweusi akishavaa herufi za shaba za nchi yake, akawa na tai kwenye vifungo vya koti, bunduki begani na risasi mfukoni, hakuna nguvu duniani itakayoweza kukana kwamba amestahili kuwa raia.

Angalia, ndugu msomaji. Douglass alipotaka kueleza heshima ya mtu, alitaja vifaa: kifungo, bunduki, risasi. Ndiyo maana waigizaji wa kikosi hiki hawavichukulii vifaa vyao kama mchezo.

KWANZA: VIATU NA NGUO

Mgeni katika kazi hii hushauriwa asikimbilie kununua. Vifaa vyote pamoja na bunduki vinaweza kugharimu zaidi ya dola 1,000. Vikundi vingi huwa na vifaa vya kuazima. Mgeni huazima kwanza, huuliza, hutazama wenzake, halafu hununua kimoja kimoja.

Watu wengi humwambia aanze na viatu. Viatu vya askari wa miguu vilikuwa vya ngozi nyeusi, vifupi, vya kufunga kwa kamba. Soli yake pia ni ya ngozi. Kiatu kipya cha namna hii ni kigumu sana. Anayekivaa kwa mara ya kwanza siku ya safari atapata malengelenge kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo mwigizaji mwenye busara hukivaa nyumbani kwa siku nyingi mpaka kilainike. Ndani yake huvaa soksi za sufu.

Kisha zinafuata nguo. Suruali ni ya sufu, ya rangi ya buluu iliyopauka. Haina mshipi wa kiunoni. Inashikwa na kanda mbili zinazopita mabegani. Shati ni la pamba au la sufu. Juu yake huvaliwa koti fupi la buluu iliyokoza, lenye vifungo vinne vya shaba. Kwenye kila kifungo kuna picha ya tai.

Utauliza, kwa nini sufu wakati wa joto? Sufu ni ngumu kuchakaa. Inatia joto hata ikilowa. Tena cheche ya moto ikiiangukia, haishiki moto upesi kama pamba. Lakini jua likiwa kali, koti hilo ni adhabu. Mwigizaji akitoka jasho chini ya koti lake, huanza kuelewa jambo ambalo kitabu hakikumweleza sawasawa.

PILI: MIKANDA NA BUNDUKI

Vifaa vya ngozi vina taratibu yake ya kuvaliwa. Ukikosea taratibu, kimoja kitakizuia kingine.

1. Anza na bweta la risasi. Mkanda wake unapita juu ya bega la kushoto, na bweta linakaa kwenye nyonga ya kulia. Ndani yake mna visanduku viwili vya bati. Bweta hili huchukua risasi 40. Risasi hizo peke yake zina uzito wa karibu kilo moja na nusu.

2. Halafu funga mkanda wa kiunoni. Unapita juu ya mkanda wa bweta ili bweta lisirukeruke mtu anapokimbia. Bizimu yake ni ya shaba na ina herufi za nchi, zile alizozitaja Douglass.

3. Kwenye mkanda wa kiunoni, mbele upande wa kulia, kuna kimfuko cha fataki. Ndani yake wameshona manyoya ya kondoo ili fataki zisimwagike.

4. Upande wa kushoto inaning'inia ala ya singe.

Bunduki ya Kikosi cha 54 ilikuwa gobori lililotengenezwa Uingereza, liitwalo Enfield. Lina urefu wa karibu sentimita 140 na uzito wa zaidi ya kilo 4. Wazee wetu waliowinda kwa magobori wangelitambua mara moja. Askari alichukua risasi iliyofungwa katika karatasi pamoja na baruti. Aliing'ata karatasi kwa meno na kuipasua. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akaishindilia kwa mdeki. Kisha aliweka fataki, akalenga, akapiga. Askari hodari aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja. Mtu asiye na meno ya mbele hakufaa kuwa askari wa miguu, kwa sababu asingeweza kupasua karatasi ya risasi.

Waigizaji hawatumii risasi kabisa. Hutumia baruti na fataki tu, ili kutoa mlio na moshi. Wanaposhambuliana kwa kuigiza, mdeki hautumiki, maana ukisahauliwa ndani ya mtutu unaweza kuruka kama mkuki na kuua mtu. Kabla ya kuanza, kila bunduki hukaguliwa. Baruti huwekwa mbali na moto wa kupikia. Wala hakuna ruhusa ya kumlenga mtu aliye karibu. Mchezo wa baruti haukosi hatari, hata kama risasi haimo.

TATU: CHAKULA NA MAJI

Chakula cha safari hutiwa katika mkoba wa nguo nene iliyopakwa rangi nyeusi isiyopitisha maji. Mkanda wa mkoba unapita bega la kulia, na mkoba unakaa upande wa kushoto. Juu ya mkoba huo huning'inizwa chupa ya maji ya bati, iliyofunikwa kwa nguo ya sufu. Inachukua zaidi ya lita moja. Nguo ile ikiloweshwa, maji ya ndani hupoa kidogo, kama yanavyopoa maji ya mtungi.

Je, mkobani mna nini?

Mna biskuti ngumu za unga wa ngano na maji. Biskuti hizi hazina hamira wala mafuta, na huokwa mpaka zikauke kabisa. Askari walizivunja kwa kitako cha bunduki au walizilowesha katika kahawa. Mara nyingi zilikuwa na wadudu. Mna nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi nyingi ili isioze. Mna buni zilizokaangwa, sukari na chumvi. Mna sahani ya bati, kisu, uma na kijiko. Kikombe kikubwa cha bati hufungwa nje.

Kila chakula huwekwa katika kifuko chake cha nguo. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya nyama yakigusa sukari na kahawa, vyote vimeharibika. Nyama hufungwa peke yake, tena huwekwa chini. Biskuti hukaa juu ili zisilowe mafuta.

Waigizaji wengi huoka biskuti hizo wenyewe nyumbani. Wengine hula chakula hicho hicho tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Siku mbili tu zinatosha kumfundisha mtu maana ya chakula kisichobadilika.

NNE: KUFUNGA SHANTA

Shanta hubebwa mgongoni. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa hutaka kubeba kila kitu. Vitu vinavyohitajika ni hivi:

– blanketi moja la sufu;
– turubai jembamba lililopakwa mpira, la kutandika chini au kujifunika wakati wa mvua;
– nusu ya hema;
– shati moja, chupi moja na soksi;
– kifuko cha sindano, uzi na vifungo;
– sabuni, kitana na taulo;
– karatasi, kalamu na wino, kwa barua za nyumbani.

Unashangaa kusikia nusu ya hema? Kila askari alibeba kipande kimoja tu cha nguo chenye vifungo na matundu ya vifungo pembeni. Jioni askari wawili waliunganisha vipande vyao, wakapata hema dogo la kulala wote wawili. Askari asiye na mwenzake hakuwa na hema.

Unapofunga, kunja blanketi kwa mraba na uliweke upande unaogusa mgongo. Kitu laini kikae mgongoni, kitu kigumu kisikuchome. Vitu vizito viwe juu na karibu na mwili. Vikiwa chini na mbali, vitakuvuta nyuma na kukuchosha mapema. Kitu utakachohitaji kwanza, kama turubai la mvua, kiwe mahali pa kukifikia upesi.

Askari wengi waliozoea vita waliliacha shanta kabisa. Waliviringisha vitu vichache ndani ya blanketi, wakaunganisha ncha zake mbili kwa kamba, wakalivaa kama pete kubwa begani. Mara nyingi lilivaliwa bega la kushoto, ili bega la kulia libaki wazi kwa bunduki. Njia ndefu iliwafundisha kuchagua. Kando ya barabara za vita hivyo yalibaki makoti na mablanketi yaliyotupwa na askari wageni waliobeba kupita nguvu zao.

Mwisho, mwigizaji hujikagua. Saa ya kisasa inaachwa nyumbani. Chupa ya plastiki vivyo hivyo. Kitu kimoja cha leo kikionekana, mtazamaji hukumbuka kwamba anaona maigizo. Lakini dawa za mtu mgonjwa haziachwi. Kuigiza historia si sababu ya mtu kupoteza maisha.

HABARI YA KOTI

Sasa turudi kwenye lile koti la buluu.

Askari wa Kikosi cha 54 waliahidiwa kwamba watalipwa sawa na askari wengine. Askari mweupe wa cheo cha chini alilipwa dola 13 kwa mwezi, na zaidi ya hapo alipewa posho ya nguo. Siku ya mshahara ilipofika, askari weusi waliambiwa kwamba wao watapata dola 10. Kisha katika hizo 10 zitakatwa dola 3 kwa ajili ya nguo. Zinabaki dola 7.

Wote walivaa koti la namna moja. Wote walibeba bunduki na risasi 40. Lakini koti la mweusi lilikatwa katika mshahara wake.

Askari wa Kikosi cha 54 walifanya nini? Walikataa mshahara huo. Hawakuacha kazi wala hawakutupa bunduki. Walikataa fedha tu. Jimbo la Massachusetts likasema litawaongezea zile zilizopungua. Wakakataa tena. Kwao shida haikuwa dola 6 peke yake. Walitaka nchi waliyoipigania ikubali kwamba wao ni askari sawa na wengine. Walikaa karibu mwaka mmoja na nusu bila mshahara, huku wake na watoto wao wakipata taabu nyumbani.

Mwezi wa Juni 1864 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya malipo sawa, na baadaye mwaka huo walilipwa fedha zao zote.

JIONI YA TAREHE 18 JULAI 1863

Wakati mgogoro huo wa mshahara ukiendelea, kikosi kilikuwa kimekwisha kumwaga damu. Tarehe 16 Julai 1863 kilipigana katika kisiwa cha James, huko South Carolina. Usiku kikatembea katika mvua na matope. Askari hawakupata usingizi wa kutosha, na chakula kilikuwa kidogo. Jioni ya tarehe 18 kiliwekwa mbele ya vikosi vyote kuishambulia ngome iitwayo Fort Wagner.

Walikimbia juu ya mchanga wa pwani, bahari upande mmoja na kinamasi upande mwingine. Mizinga na bunduki ziliwapiga kutoka mbele. Walipanda ukuta wa ngome, wakapigana juu yake, wakarudishwa nyuma. Katika askari wapatao 600 walioshambulia, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Kanali Shaw alikufa pale pale. Sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa, aliichukua bendera. Alijeruhiwa mara kadhaa lakini hakuiacha ianguke. Mwaka 1900 alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake.

Ngome haikutekwa siku ile. Lakini watu waliodai kwamba mtu mweusi hawezi kupigana walipata jibu. Desemba 1865 utumwa ulifutwa katika katiba ya Marekani. Na mwaka 1897 sanamu ya kikosi hiki ilizinduliwa mjini Boston. Baadhi ya askari wenyewe, wakiwa wazee, walikuwapo siku hiyo.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Mwigizaji wa leo hawezi kuyajua yote. Hapigwi risasi. Jumatatu anarudi kazini. Lakini akiubeba mzigo ule kwa uaminifu, bila kuupunguza na bila kuupamba, ataweza kumweleza mtoto kwa nini dola 3 za koti zilikuwa jambo kubwa.

Nasi pia tunayo mizigo ya kukumbuka. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, maelfu na maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Walibeba chakula na risasi za wengine. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Watu hupita hapo kila siku kununua na kuuza, na wengi hawajui.

Huhitaji gobori wala koti la sufu ili kuitunza historia. Tafuta kitu kimoja cha zamani kijijini kwako: jembe, kinu, mtungi, sanduku la bati la babu. Mwulize mzee habari zake. Nani alikitengeneza? Nani alikibeba? Alikwenda nacho wapi? Alilipwa nini kwa kazi yake? Sasa unajua kuandika. Andika majibu, taja jina la mzee na mwaka, uyaweke pamoja na kitu hicho. Ukikiweka kitu bila habari yake, mjukuu wako atakiona ni takataka na kukitupa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mkanda wa kiunoni huvaliwa juu ya mkanda wa bweta la risasi?

2. Askari mmoja alibeba nusu tu ya hema. Je, katika kijiji chenu ni kazi gani ambayo mtu mmoja anafanya nusu, na mwenzake nusu?

3. Askari wa Kikosi cha 54 walikataa hata fedha za nyongeza za jimbo. Je, walifanya vema? Toeni sababu.

4. Ni kitu gani cha zamani kilichomo kijijini kwenu ambacho habari yake haijaandikwa bado? Nani ataiandika?